Mayai Sitini ya Dundori

Mwezi jana tulimzika Mama Gathoni kule Dundori, na katika maelezo ya maisha yake, yaliyosomwa karibu saa nzima, hakuna aliyetaja mayai. Walitaja kwaya. Walitaja ng'ombe wake wa gredi na miaka aliyokuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Walisema pia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpata na kikombe kichafu, na hiyo ni kweli tupu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, viatu vyangu vya mjini vimezama kwenye matope, nikingoja mtu aseme lile ninalolijua. Mpwa wake aliposhika maikrofoni kutoa shukrani, nikajua halitasemwa. Nilikasirika, sitaficha. Nilipewa wali na kitoweo nikala nusu, nikarudi Kiamunyi nikajifungia kwenye karakana yangu nyuma ya nyumba, katikati ya redio zilizofunguliwa, pampu za sola na mashine ya kupoza maziwa ninayoiunda kwa mapipa mawili, nikashindwa kushika hata bisibisi. Watu huniuliza nilisomea wapi ufundi huu. Wanatarajia nitaje chuo. Nikiwaambia nilisomea kwenye chumba cha maziwa, kwa mwaka mmoja, mikononi mwa mama ambaye hakujua kubadilisha hata balbu, wanadhani nawachezea.

Nilifikaje kwa Mama Gathoni si hadithi ya leo, na baadhi ya wahusika bado wako hai. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne na alama zisizonipeleka popote, na nilikuwa namsaidia kukamua asubuhi na jioni. Alinipa mahali pa kulala na akanipa kile chumba. Kilikuwa chumba cha mbao kilichopakana na jikoni. Zamani maziwa ya majirani yalikuwa yakikusanywa humo kabla ya kupelekwa mjini, ndiyo maana kilikuwa na sakafu ya simiti na, cha muhimu zaidi, kilikuwa na stima. Kilinuka maziwa yaliyochacha hata baada ya kuoshwa mara mia, na kiliwahi kuoshwa mara mia kwa kuwa mwenyewe alikuwa Mama Gathoni. Huyo mama alikuwa akipiga deki asubuhi, anapiga tena saa sita, na sebule yake hatukuingia bila kuvua viatu. Makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, vyeupe, vilivyopigwa pasi. Wageni wenyewe walikuwa wakikaa wamejikunyata, wakiogopa kuegemea.

Kwenye chumba kile nilianza na pasi za majirani, nikaenda kwa redio, nikaenda kwa tochi. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nafungua kitu, naandika kwenye daftari kila skrubu imetoka wapi, halafu nakaa nakitazama mpaka kinieleze. Kuna siku nilikaa na redio moja kutoka chai ya saa nne mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakamuliwe. Mama Gathoni akachungulia akasema, "Nyambura, hiyo redio itakuzaa ama utaizaa?" Nikamwambia bado kidogo. Siku zote nilikuwa namwambia bado kidogo. Naye alikuwa akiniletea viazi vya kuchemsha na kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani, anaweka kwenye kreti, anapangusa kreti kwa upindo wa leso, anaondoka.

Friji tuliipata kwa jirani aliyekuwa akihama. Mota yake ilikuwa imekufa zamani, na alikuwa ameigeuza ghala la chakula cha kuku. Niliitazama hiyo friji nikafikiri: kama sanduku hili linaweza kuzuia baridi isitoke, linaweza kuzuia joto pia. Dundori ni baridi, jamani. Kuku wa kienyeji huko hulalia mayai akachoka, ukungu ukiingia wiki mbili anayaacha. Nikaamua nitaunda mashine ya kutotoa vifaranga. Ndani niliweka balbu mbili. Kile kidude kinachozima pasi ikipata moto nilikitoa kwenye pasi iliyoungua, nikakirekebisha kwa kukaza na kulegeza skrubu yake kwa siku tisa, mpaka kikakubali kuzima na kuwasha balbu kwenye joto ninalolitaka mimi. Feni ilikuwa mota ya redio ya kaseti, na mapanga yake nilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Bakuli la maji likawekwa chini, hewa isikauke. Kipimajoto nilichopata kilikuwa cha hospitali, kile cha kuweka kwapani, na shida yake kikipanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Kwa hivyo kila baada ya saa moja nilikuwa nafungua mlango, nasoma, nakikung'uta, narudisha, naandika. Watu waliokuja kuchukua redio zao walinikuta nikikung'uta kipimajoto mbele ya friji na nina hakika walisema mengi wakifika barabarani.

Kanisani kwetu, mtu asiyekuwa na pesa alileta alichonacho. Kabichi, maziwa, kuku aliyefungwa miguu, mayai. Ibada ikiisha vitu vilipigwa mnada pale nje, kila mmoja akanunua sadaka ya mwenzake, na tulikuwa tunacheka sana. Mama Gathoni alisimama mbele ya akina mama akaomba mayai ya Jumapili moja yasipigwe mnada. Yaingie kwenye mashine ya Nyambura, akasema, na vifaranga vigawiwe kila nyumba. Mzee Karanja, mzee wa kanisa aliyekuwa na shamba la viazi lililopakana na letu, alisema kuku ana mama lakini sanduku halina mama. Watu wakacheka. Mama Gathoni hakucheka. Akasema, "Mzee, ikikataa nitasimama hapa niseme imekataa." Kwa hivyo jina lililowekwa rehani halikuwa langu peke yangu.

Mayai yaliletwa sitini. Nilitaka kuandika kila yai limetoka nyumba gani, kwa kuwa mimi siwezi kufanya kitu bila kuandika, lakini penseli ilikataa kushika. Iliteleza tu. Nikajaribu yai la pili, la tatu, ikateleza. Mayai sita tu ndiyo yaliyokubali kuandikwa, na hayo yalikuwa na mavi ya kuku na unyoya mmoja umeganda juu. Nilidhani penseli yangu imeharibika, nikayapanga yale mengine bila majina nikafunga mlango. Hadi leo nikiwa na kijana anayejifunza kwangu namwambia: kifaa kikikataa kufanya kazi yake ya kawaida, simama hapo hapo uulize. Mimi sikusimama.

Siku ishirini na moja niliyageuza yale mayai mara tatu kwa siku, kama anavyofanya kuku. Siku ya mwisho akina mama walikuja na vikapu vilivyotandikwa matambara ya kubebea vifaranga. Mzee Karanja alikuja pia, mikono nyuma. Tukangoja. Vifaranga vinne vilitoka. Tukangoja mpaka jioni, tukangoja na kesho yake, na badala ya vifaranga ikaanza kutoka harufu. Mnajua harufu ya yai viza. Zidisha kwa hamsini na sita. Mama mmoja aliyekuwa ameleta mayai kumi akakunja tambara lake polepole akalirudisha kwenye kikapu, na hakuniambia neno baya. Afadhali angesema. Jumapili iliyofuata Mama Gathoni alisimama kanisani kama alivyoahidi, akasema imekataa, akaketi.

Ukuta wa chumba cha maziwa ulikuwa wa mbao, na jikoni walisahau kwamba mbao zina nafasi. Siku mbili tatu baadaye nilikuwa ndani nikifungua mota nikasikia Mzee Karanja akipewa chai. Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama Gathoni, huyu msichana ni mzuri lakini anapotea. Kuna mtu wangu Naivasha, kwa mashamba ya maua. Wanachukua watu Januari. Na hiyo room ingenisaidia kuweka mbegu ya viazi, kwa sababu hapa haiingii maji."

Nilisikia kijiko cha Mama Gathoni kikizunguka kwenye kikombe.

"Wacha amalize mwaka," akasema. "Ukileta mbegu Disemba, nitaweka."

"Na yeye?"

"Akiwa hajapata kitu ya kunionyesha, ataenda maua."

Halafu wakaanza kuzungumza habari za kanisa, na hapo ndipo Mama Gathoni alipolalamika kuhusu Mama Chelimo, mama aliyeolewa kutoka upande wa pili wa bonde na ambaye hakuwa na marafiki wengi pale. "Ati kuleta mayai iko na mavi mbele ya madhabahu," alisema. "Zingine zote zililetwa kwangu Jumamosi, nikaosha mimi mwenyewe. Na brashi. Nikapaka na mafuta ya kujipaka kidogo, zikang'aa. Yeye amekuja tumeanza kuimba, ningezioshea wapi?"

Nililala nimewakasirikia wote wawili. Machozi nililia, nilikuwa na miaka ishirini. Kukata maua shina kwa shina mpaka nizeeke, na mikono hii ilishajua kufungua redio. Lakini asubuhi nikikamua, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, maneno yale yalirudi moja moja. Nikapaka mafuta. Zikang'aa. Nikaacha ng'ombe nusu, ndoo nikaiweka juu, nikakimbia kwenye shimo la takataka nilikokuwa nimemwaga yale mayai. Nilichukua moja lililokuwa bado zima nikalipitisha penseli. Ikateleza. Nikalipasua, pua nimeifunga kwa leso. Ndani kulikuwa na duara dogo la damu iliyokauka. Nikapasua lingine, hivyo hivyo. Kumi na saba nilipasua asubuhi ile, na yote yalikuwa yameanza, yakaishi siku chache, yakafa. Mashine ilikuwa imewasha uhai. Kitu kingine kiliuziba.

Nyumba ya Mama Chelimo ilikuwa mwendo wa nusu saa. Nilimkuta akipura maharagwe. Nilimwuliza kuhusu mayai yake naye akaweka fimbo chini akaanza kuomba msamaha. "Niliaibika sana siku hiyo," alisema. "Nilitoa kwa kiota nikakuja mbio, ningechelewa."

"Mama, usiombe msamaha. Vile vifaranga vinne vilitoka kwenye yale mayai sita yenye jina lako, ni vyako vyote."

Alinitazama akifikiri namdhihaki. Nikamwuliza kama kwao huosha mayai ya kulaliwa. Akasema aah, yai la kulalia haliguswi na maji, mama yake angekuchapa. Yai linapumua, akasema. Ukiliosha limeshikwa na baridi, na ukilipaka mafuta umeliziba pua. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba jua hutoka mashariki, kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Kurudi nyumbani nilitembea polepole. Kupata kosa kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumwambia mwenye kosa, ambaye ndiye aliyenipa chumba, ambaye alisimama kanisani kwa ajili yangu, na ambaye kwa kitu kimoja tu duniani alikuwa na fahari, yaani usafi. Ningeweza kunyamaza. Ningeomba mayai kimyakimya kwa Mama Chelimo, yatotolewe, nisifiwe, na hakuna ambaye angejua. Nilifikiria hilo, nisiseme uongo. Lakini Jumapili ijayo Mama Gathoni angeosha mengine, na Mama Chelimo angeendelea kuonekana mchafu, na mimi ningekuwa fundi anayeficha anachokijua. Nilimkuta akimenya viazi. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

Kisu kilisimama. "Kwa hivyo ni mimi niliua sadaka ya watu?"

"Sikusema hivyo, Mama. Nimesema ni mafuta."

"Mafuta ilijipaka?"

Akaendelea kumenya. "Mtoto haendi kanisani bila kupakwa mafuta," akasema, si kwangu, kwa kile kiazi. "Nitapeleka kwa Mungu kitu yenye haijapakwa?" Kisha akanyamaza, na alinyamaza siku sita. Chakula nililetewa. Sahani ilifunikwa, kreti lilipanguswa. Neno hakuna. Mara mbili nilienda mpaka mlango wa jikoni nikitaka kusema labda nimekosea, nikageuka, kwa sababu sikuwa nimekosea. Sijawahi kuwa mpweke kama wiki ile, na sijawahi kuwa na hakika kama wiki ile.

Siku ya saba aliingia na mabeseni mawili. Moja lilikuwa na mayai thelathini yanayong'aa mpaka unajiona. La pili lilikuwa na thelathini ya rangi zote, mengine na mavi, mengine na majani. Akayaweka chini na kujifuta mikono kwa muda mrefu. "Hizi nimeosha vile naoshanga," akasema. "Hizi sijagusa. Nilienda kwa Mama Chelimo na kwa wengine, nikatoa kwa kiota na mkono yangu. Weka zote. Usinihurumie na usinidanganye."

Sijawahi kuangalia kitu kama nilivyoiangalia friji ile. Stima ilipopotea siku nzima katika wiki ya pili, nilichemsha maji nikayajaza kwenye chupa, nikazipanga kati ya mayai, nikazibadilisha kila zilipopoa, na Mama Gathoni ndiye aliyekuwa akichochea moto. Hatukuwa tunaongea bado. Alikuwa ananipa chupa mlangoni, napokea, nampa iliyopoa. Mara moja aliuliza, "Ni ngapi sasa?" Nikamsomea kipimajoto. Akarudi kwa moto.

Siku ya ishirini na moja hatukumwita mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, nje jua limetoka, yeye ameketi kwenye kreti na gauni lake la nyumbani. Yai la kwanza kutoboka lilikuwa na mavi. La pili pia. Mpaka saa nane walikuwa kumi na tisa, wakilia mpaka feni haisikiki, na kesho yake wakafika ishirini na sita. Yale yanayong'aa yalikaa kimya kwenye trei yao, thelathini yote. Alichukua moja akalisugua taratibu kwa kidole gumba. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini alikuwa ameniambia nisimhurumie. Baada ya muda akalirudisha akasema, "Wewe ungenyamaza, nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Eeh," akasema. "Hiyo ndiyo kazi." Akaenda kuwatafutia vifaranga uji wa unga.

Jumapili alivaa suti yake nyeupe, sare ya akina mama wa kanisa, akapanda na kikapu mpaka mbele, akakiinua kanisa zima lione. Yalikuwa mayai mapya ya sadaka, na mavi yake, hayajaoshwa. Akasema yeye ndiye aliyeharibu yale ya kwanza, kwa maji na mafuta, na kwamba mashine ya Nyambura haikuwa na kosa, na kwamba Mama Chelimo alikuwa amekuja na sadaka nzuri kuliko zote sisi tukamwonea. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anasoma matangazo. Mama Chelimo alikuwa ameinamisha kichwa nyuma kule, mabega yakitikisika. Mimi nilikuwa natazama kile kikapu karibu na ile suti nyeupe na moyo ukiniuma, kwa kuwa nilijua hakuna kitu kilichowahi kumgharimu zaidi.

Mzee Karanja alikuwa safarini wiki hiyo, wala hakuna aliyemweleza. Kabla ya Krismasi alifika na mkokoteni wa punda, magunia kumi na mawili ya mbegu ya viazi yaliyotoka shambani kwenye mvua, udongo bado unadondoka. Niliposikia gurudumu uani nilijua ni nini. Makubaliano yalikuwa makubaliano; nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu. Nilianza kukusanya waya zangu kwenye ndoo.

"Nimeleta," akamwambia Mama Gathoni. "Kile chumba kiko wazi?"

"Kile kina mtu," akasema.

"Lakini tulisema Disemba."

"Tulisema nitaweka mbegu yako Disemba. Nitaweka." Akafungua mlango wa sebule. Akaingia, akatoa vitambaa vyeupe kwenye makochi kimoja kimoja, akavikunja, akayasukuma makochi ukutani. Kisha akasimama kando na kushikilia mlango, magunia yakaanza kuingia, la kwanza, la pili, udongo mwekundu ukichora njia kwenye sakafu aliyoipiga deki asubuhi ile. Wabebaji walitaka kuvua viatu. Akawaambia waendelee tu.

Mzee Karanja alitazama magunia, akanitazama mimi na ndoo yangu mlangoni, akamtazama yeye. "Na wageni wa Krismasi wataketi wapi?"

"Juu ya viazi," akasema Mama Gathoni. "Nyambura, rudisha hizo waya."